Humu Hafungwi Mtu

Kabla hujatia mguu ndani ya mtumbwi wake, Mvushaji alikukagua kuliko askari wa kizuizini. Mama aliyembeba mtoto mgongoni aliambiwa afungue leso ampakate mtoto mikononi. Mwenye mbuzi aliambiwa aifungue miguu. Mwanafunzi aliyejizungushia mkanda wa begi kifuani aliambiwa auvue. Hakusema tafadhali. Alisimama na upondo wake majini, tayari kukuacha ukauke pale ukingoni mpaka jioni.

"Fungua," alisema. "Humu hafungwi mtu. Hafungwi mbuzi, hafungwi hata kuku. Mtumbwi si ngamia."

Hayo ya mwisho alituelekezea sisi watu wa mifugo, na yalituudhi kwa sababu yalikuwa kweli. Sisi hufunga. Familia ikihama, mtoto mdogo hufungwa juu ya ngamia katikati ya mikeka na vyombo vya maziwa, na akisinzia haanguki. Kitu unachokipenda unakifunga, basi. Kwa hiyo mtu wetu akiingia mahali panapoyumba, mkono wake unatafuta kamba kabla akili yake haijaulizwa. Mvushaji alilijua hilo, na alikaa akiichunga mikono yetu, maana chombo kikipinduka mtoni aliyefungwa anapinduka nacho.

Jina lake nalijua na siliandiki. Mji mzima wa Garissa ulimwita Mvushaji miaka yote, hakuna aliyehitaji jina jingine. Walipotaka kumfukuza ndipo wakalikumbuka jina lake, na la baba yake, na la babu yake, wakayasoma mbele za watu kama makosa. Sitalitumia walivyolitumia wao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya ng'ambo, upande wa Madogo. Nyumba yetu ilikuwa karibu na Tana, na kuzunguka hadi darajani ilikuwa safari, lakini kwa mtumbwi nilifika kabla kengele haijalia. Kivuko chake kilikuwa mahali ambapo ukingo umelala chini, katikati ya mashamba ya ndizi. Kwingine kote upande wa mji ukingo ni mrefu na mkali, huwezi kuteremka bila kuvunja mguu. Hapo maji hayakauki hata kiangazi. Zishike habari hizi mbili, kwa sababu ndizo zilizomponza, si maneno mengine yote yaliyosemwa baadaye.

Mdomo wake ulikuwa mchafu. Nimesikia watu wakimkumbuka siku hizi kana kwamba alikuwa mpole aliyeonewa. Alionewa, lakini upole hakuwa nao. Alinitukana mwaka wangu wa kwanza kwa sababu ya viatu vyangu vya kisigino, akauliza mbele ya wanafunzi wangu kama nilikuwa naenda kufundisha au kutoboa mtumbwi wake. Alimtukana kiboko, alimtukana mamba, aliutukana mto wenyewe kwa lugha ya watu wa mto, nami nilishukuru kwamba siielewi. Siku moja alimrudisha bwana harusi ukingoni. Kijana alikuwa na sanduku la zawadi, na kwa kuogopa lisianguke majini alikuwa amejifunga nalo kifundoni mwa mkono. Mvushaji akamwambia afungue. Bwana harusi akakataa, akasema mahari ya mtu haichezewi. Mvushaji akageuza mtumbwi akawavusha wapiga ngoma, akamwacha mwenye harusi amesimama na sanduku lake. Alizunguka kwa daraja akafika jasho linamtiririka, wageni wameshakula.

Na alikuwa na unafiki wake pia. Yeye aliyetufungua leso zetu alikuwa na hirizi ya ngozi imekazwa juu ya kiwiko, chini ya mkono wa shati. Niliiona siku alipokuwa akikumba maji yaliyoingia mtumbwini. Nikamuuliza mbona yeye kafungwa.

"Hii si kufungwa," akasema. "Hii ni mwili."

Alicheza drafti kwa vizibo vya soda na wapakiaji wa lori pale sokoni, na alikuwa mwizi wa wazi. Ukigeuka kumpokea mtu salamu, kizibo chake kimeshahama. Ukimshika anakwambia upepo. Alikula samaki, na katika mji wetu kuna watu wakubwa wanaoona samaki ni chakula cha aibu, kwa hiyo hotelini alikwenda na kikombe chake mwenyewe. Nilidhani wamemkatalia vikombe vyao. Kumbe aliogopa kunywea vikombe vilivyopita midomo ya watu wasiooga mtoni. Dharau ilikuwa ya pande mbili, na ya kwake ilikuwa kubwa zaidi.

Gari aliliogopa. Mtu aliyesukuma gogo la mti kati ya viboko alikuwa akipandishwa kwenye pikapu anashika chuma kwa mikono miwili na kufumba macho kutoka sokoni hadi hospitali. Daraja alilichukia, akasema linawapitisha watu bila kuwajua. Lakini mvua zile kubwa za El Nino zilipokuja, na maji yakaanza kuula udongo wa upande wa Madogo, kila asubuhi alikwenda kulitazama, akasimama kimya kama mtu aliyekwenda kumjulia hali ndugu asiyesema naye.

Mvua zile sitazieleza sana, kila mtu wa kwetu anazo zake. Barabara ya ng'ambo ilizama, daraja likabaki limesimama katikati ya maji kama mlango usio na nyumba. Mabasi ya Nairobi yalikwama mbali. Viboko walilala barabarani. Tana iligeuka nyekundu nzito, ikapita na miti mizima, na mizoga ya ng'ombe, na mapaa ya watu. Wenye mitumbwi wengine walivuta vyombo vyao juu wakavifunika. Mvushaji peke yake ndiye aliyeendelea, na hapo ndipo watu waliokuwa wakimdharau walipomjua. Alivusha dawa, akavusha unga, akavusha wenye uchungu wa kuzaa. Alikuwa na namna yake. Hakukata mto moja kwa moja. Aliuvuta mtumbwi juu kwa kushika vichaka vya ukingoni, mbali sana, mpaka abiria wanafikiri amepotea, kisha akauachia mkondo umshushe kwa upande huku akiusukuma kwa upondo kidogo kidogo, na mwisho wake ulikuwa pale pale kivukoni. Angekosea kidogo angepita, na chini ya kivuko hapakuwa na mahali pa kutokea. Kwa hiyo mchezo wote ulikuwa kile kipande cha ukingo. Bila hicho hakuna kuvuka.

Siku ya ajali tulikuwa wachache. Mimi, wanawake wawili wenye vishamba vya vitunguu kando ya mto, na ndugu mdogo wa mwenye pampu.

Mwenye pampu nimweleze. Alikuwa tajiri wa mashamba ya ukingoni. Alikuwa na mashine za kuvuta maji, na majirani wenye vishamba vidogo walipata maji kwa hisani yake, maana yake walipata siku aliyopenda na kukosa siku aliyokasirika. Shamba lake lilipakana na kivuko. Nduguye yule mdogo alikuwa amekulia nyuma ya ngamia huko kwao Wajir, akaja mjini na mkewe na watoto kumsaidia kaka. Hakuwa mwoga. Alikuwa amelala nje na fisi tangu utotoni. Lakini maji mengi alikuwa hajawahi kuyakalia.

Alikuja na kamba kiunoni, ncha moja iko mkononi tayari kwa kufunga kwenye ubao wa kukalia. Mvushaji akaiona.

"Toa."

"Nitashika tu."

"Toa nikwambie. Kamba kama unapenda sana, baki nayo hapa."

Akaifungua, akaikunja akaiweka mapajani. Wanawake wa vitunguu wakacheka. Nilimwona alivyoinamisha uso. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomfanya asiseme tena neno.

Katikati ya mto mawimbi yakaanza kuingia ndani. Nilikuwa nimeketi mbele ya yule kijana. Nikageuka kumwambia akumbe maji, nikaona mikono yake inafanya kazi chini ya kikoi. Nikapiga kelele, "Mzee, anafunga." Mvushaji alikuwa ameukaza upondo kwa nguvu zake zote, angeuachia tungekwenda zetu. Akaguta tu, "Fungua. Fungua wewe, fungua." Yule kijana akamtazama, na mikono ikaendelea. Kisha gogo likatupiga ubavuni.

Mtumbwi uligeuka tumbo juu. Sisi watatu tulitupwa nje, tukaelea, tukaushika. Yeye hakutoka. Mvushaji alizama chini ya mtumbwi, akaibuka, akachomoa kisu cha samaki mshipini, akazama tena. Mto ulikuwa unatubeba huku ukituzungusha, mpaka mtumbwi ukanasa kwenye migunga iliyofunikwa na maji. Hapo ndipo alipotoka naye. Alimlaza juu ya matawi ya miiba, akamkandamiza kifua, akampulizia, akamtukana, akamkandamiza tena. Hakuacha mpaka watu walipofika, na ilibidi wamtoe mikono kwa nguvu.

Waliomwosha maiti walikuta kamba kiunoni, na fundo lake, na mahali palipokatwa kwa kisu. Kabla jua halijatua mji ulikuwa umeambiwa kwamba Mvushaji huwafunga abiria wake.

Nitarudia, kwa sababu mpaka leo hasira zinanipanda nikiandika. Mtu aliyefungua leso ya kila mama wa mji ule, mtu ambaye watoto walimwigiza njiani kwa kusema "fungua, fungua," ndiye aliyesemwa kwamba hufunga watu.

Baraza lilikaa kwenye uwanja wa chifu. Mwenye pampu akasimama, akainua ile kamba juu.

"Ndugu yangu alifungwa kama mbusi," akasema. "Mutu anafungwa, anakufa ndani ya maji. Mimi sitaki damu, sitaki fita. Mimi nasema ile mutumbwi isiguse huku tena. Hiyo tu. Wallahi mimi naomba kidogo sana."

Watu wakasema mashaallah, mtu mwenye subira.

Nikaomba kusema. Nilisema yote. Nilisema alikuja na kamba yake, alikatazwa, akafunga kwa siri, nikaona kwa macho yangu, nikapiga kelele. Wazee wakanisikiliza kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Nilipomaliza, mmoja akajikohoza.

"Mwalimu ni binti yetu," akasema. "Mwalimu alikunywa maji mingi. Kichwa ikizunguka, macho inaona kitu ile inataka. Bole, abaayo, bole dada yetu."

Wakawauliza wale wanawake wawili. Mmoja akatazama chini. Mwenzake akasema hakuona kitu, maji yalikuwa mengi. Alikuwa ananiangalia mimi anaposema, si wazee. Vitunguu vyake vilikuwa vinanywa maji ya mwenye pampu. Najua, na bado simsamehe.

Mvushaji, aliyekuwa na tusi la kila kiumbe, alipoulizwa alisema maneno matatu tu. "Mimi sifungi mtu." Nilingoja aseme zaidi. Nilimkazia macho aseme. Alikuwa anatazama viganja vyake, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kucha zote. Nilidhani ni miiba ya migunga.

Walimnyang'anya kivuko. Mtumbwi wake ulipasuliwa kuni, na maji yalipopungua, hata matope hayajakauka vizuri, mwenye pampu alikuwa amechimba msingi wa mashine mpya pale ukingo ulipolala. Bomba lake likaingia mtoni mahali mtumbwi ulipokuwa ukifikia. Hakuna aliyeuliza. Nilipouliza mimi niliambiwa nimechacha kwa kuwa sasa natembea kwenda kazini. Mvushaji akapotea. Wengine walisema kahamia mashamba ya chini, wengine walisema kafa.

Mjane wa marehemu alikuja nyumbani kwangu muda mrefu baadaye. Alikuwa anarudi kwa baba yake, huko mjini Rhamu. Tangu eda iishe alikuwa anakaa kwa shemeji yake, yeye na watoto, na mtu anayelishwa na mtu hana kauli. Sasa ndugu zake walikuwa wamekuja kumchukua, mzigo uko kwenye lori. Akatoa kitambaa, akakifungua. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kamba chenye fundo. Alikuwa amerudishiwa pamoja na nguo za mumewe.

"Hii fundo ni yake," akasema. "Fundo ya kufunga mzigo wa ngamia. Ukifuta inakaza. Juu ya lori pia alikuwa anajifunga hivi, mimi nacheka yeye. Hakuna mutu ya mto anafunga hivi, mwalimu. Yao inafunguka na mkono moja."

"Na waliomwosha?" nikamuuliza.

"Wote wamezaliwa na ngamia," akasema. "Wanaijua."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejidanganya kwamba walikosea. Wazee wale, kila mmoja wao, walitazama fundo walilofundishwa na baba zao, wakasema limefungwa na mla samaki.

Nikaenda kwa chifu, ambaye wakati huo alikuwa mpya. Alinisikiliza, akasema shauri likishakatwa halikatwi tena kwa maneno, lakini kukiwa na kitu cha kuonekana, na mwenyewe akiwepo, atawaita wazee wakae upya, na kivuko kinaweza kurudi. Aliahidi. Kitu ninacho, nikamwambia. Kilichobaki ni mwenyewe.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyenipa habari. Alisema kuna mzee Wajir anauza maji kwa mkokoteni wa punda, na matusi yake yanasikika kisima hadi kisima. Shule zilipofungwa nikapanda gari, kamba mkobani.

Nilimkuta kwenye visima, katikati ya ngamia na wanawake na ndoo za mpira. Alikuwa amekonda. Alikuwa anamtukana punda wake kwa lugha ile ile aliyoutukania mto. Wajir yote haina mahali pa kuelea jani, nikajiuliza ni nani aliyempandisha lori mpaka kule, na kama alifumba macho njia nzima.

"Mwalimu wa visigino," akasema aliponiona. Hakushangaa. "Siku hizi unavuka na nini?"

"Daraja."

Akatema mate.

Tukakaa kwenye ukingo wa birika la kunyweshea. Nikamweleza yote, mjane, fundo, ahadi ya chifu. Niliongea haraka kwa sababu nilikuwa nimeyabeba maneno hayo kwa muda mrefu. Nilimwambia tutarudi pamoja, tuwaweke wazee wale chini, tuwashikishe fundo lao wenyewe mkononi, nione watasema kichwa cha nani kinazunguka. Nilitaka kuwaona wakiaibika. Nilitaka kuona pampu ile inang'olewa. Kisha nikafungua kitambaa nikampa.

Alikigeuza kile kipande. Akakiweka karibu na macho. Kisha akakichovya ndani ya ndoo, akaanza kulichokonoa fundo kwa kucha.

"Usifungue," nikamwambia. "Mzee, huyo ndiye shahidi wetu."

Aliendelea kuchokonoa. Lilikuwa limekauka kama mfupa. Alilisugua kati ya viganja, akalichovya tena, akalitia menoni. Nikamshika mkono, akanitoa bila kunitazama, kama anavyomtoa inzi. Nilipandisha sauti, wanawake wakaacha kuteka maji wakatugeukia. Nilimwambia atapoteza kivuko. Nilimwambia nimetoka Garissa kwa ajili ya hilo fundo, na mjane amelificha miaka yote hiyo kwa hofu, na yeye ni nani wa kuliharibu. Yeye aliendelea, na likalegea, likatoa kitanzi kimoja, halafu cha pili, na mwisho ilikuwa kamba tu.

"Unajua umefanya nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Nilimkuta mzima," akasema.

Sikuelewa.

"Kule chini. Alikuwa mzima, macho wazi. Akashika mkono yangu, akaiweka hapa." Akajigusa kiunoni. "Kwa fundo. Nilijaribu na vidole, ikakataa, pumzi ikaisha. Nikapanda kuchukua hewa, nikatoa kisu. Niliporudi ameshaachia." Alikuwa anainyoosha ile kamba juu ya goti lake. "Nilikata tu, mwalimu. Yeye aliniambia nifungue."

Akanirudishia. Jerikeni zake zilikuwa zimejaa, zimesimama mkokotenini bila kufungwa na kitu, akampiga punda kofi la tako akaondoka kuelekea sokoni. Sikumfuata.

Nilirudi Garissa na kipande cha kamba kilichonyooka, na chifu akanitazama kwa huruma ile ile ya wazee. Pampu inanguruma pale kivukoni tangu alfajiri mpaka jioni, nami naisikia nikiwa kitandani, kabla sijaamka kutembea kwenda darajani.